Mahari Yako Isipande Juu ya Bati Kabla ya Hesabu



Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alinipigia simu kutoka Unguja. Anaolewa baada ya Ramadhani, In shaa Allah, na mume ni kijana wa Machame, mlimani huku Kilimanjaro. Mimi mwenyewe niliolewa Moshi miaka kumi na nne iliyopita, kwa hiyo jambo lolote la huku linaletwa kwangu.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba mwanangu. Matayarisho vipi?"

"Alhamdulillah. Ila mama anataka mahari yangu tununue sola na inveta kubwa na mabetri, vifungwe nyumbani kwa mume kabla sijafika. Anasema umeme wa huko unakatika, na kwamba baada ya miaka miwili pesa yote itakuwa imeshajirudi. Wewe uko huko, unasemaje?"

Nilimwambia anipe siku mbili. Nilichukua risiti zangu za LUKU, nikachukua kalamu, nikakaa mezani. Haya niliyomjibu nayaandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake. Siku hizi kwenye orodha za vyombo vya bibi harusi sola na inveta zimeshaingia karibu na friji na kitanda, na wauzaji wana neno moja tu: "Dada, hii inajilipa yenyewe." Mimi naona baadhi ya vitu hivyo vinajilipa kweli, vingine havijilipi hata mkikaa mkazeeka pamoja. Na hata kinachojilipa, uliza kwanza kinamlipa nani.

Hofu ya mama ina sababu

Nisimlaumu dada yangu. Sisi wa Unguja giza tunalijua. Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima kwa karibu mwezi. Kisha Desemba 2009 ukakatika tena, tukakaa hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Tunaokumbuka tunakumbuka mlio wa majenereta Darajani, samaki kuoza, na ndoo za maji kupanda ngazi kwa sababu pampu hazifanyi kazi. Tulikuwa tunategemea waya mmoja chini ya bahari kutoka bara, wa tangu 1980. Wa pili ulikuja 2013. Mama aliyelea watoto katika miezi ile mitatu haoni inveta kuwa anasa.

Na huku bara nako hatukuwa salama. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 kulikuwa na mgao wa umeme nchi nzima, tukawa tunapanga kupiga pasi kama tunavyopanga safari. Lakini hali ya mwaka ule si hali ya leo. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliwashwa Februari 2024, na bwawa zima ni megawati 2,115. Sisi wa kaskazini tuko mbali nalo, na umeme hupungua nguvu njiani. Ndiyo maana Machi 2025, Rais Samia akiwa mkoani kwetu Kilimanjaro, alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya huku. Kukatika bado kupo. Ila ninakokuona mimi sasa ni kwa mti ulioangukia waya siku ya mvua, nguzo kuanguka, transfoma ya mtaa kuharibika. Saa mbili, saa nne, mara chache siku nzima. Hiyo ni shida ya taa na simu. Usiinunulie dawa ya miezi mitatu ya giza.

Soma risiti kabla hujanunua kitu

Bibi harusi, ukifika kwenye nyumba yako, huku bara au hata kwetu visiwani kwa wenye TUKUZA, jambo la kwanza ni kujua uniti moja unainunua kwa shilingi ngapi.

Kwa TANESCO wateja wa majumbani wako makundi mawili. Mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, bei yake ni shilingi 100 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo inafika 122. Mtumiaji wa kawaida bei yake ni 292, na kwa kodi na tozo inafika kama 356. Kujua uko wapi ni rahisi. Nunua umeme wa shilingi 1,000. Ukipata uniti 8 na kitu, uko kundi la chini. Ukipata hazifiki 3, uko la kawaida. Angalia tu isiwe siku ile wanayokata kodi ya jengo ya 1,500 ya mwezi, utadhani umeibiwa.

Sasa tazama tofauti. Uniti 75 kwa bei ya chini ni shilingi 9,150. Uniti zile zile 75 kwa bei ya kawaida ni karibu 26,700. Zaidi ya shilingi 17,500 kila mwezi kwa taa zile zile na friji lile lile! Kwa nyumba iliyomo kwenye kundi la chini, kubaki humo ni "faida" kubwa kuliko paneli yoyote utakayouziwa.

Na kinachowatoa watu humo mara nyingi si taa. Ni maji ya moto. Huku mlimani Juni na Julai kuna baridi ambayo mtu wa Mkunazini hawezi kuifikiria, na kila bibi harusi kutoka pwani anaomba ile showa ya umeme inayochemsha maji hapo hapo. Mimi pia niliomba. Showa ya kilowati 5, mtu akioga dakika kumi, anatumia uniti 0.8 hivi. Watu wanne, kila mtu mara moja kwa siku, kwa mwezi zinafika uniti 100. Showa peke yake! Kwa bei ya kawaida ni zaidi ya shilingi 35,000. Nilipoliona hilo kwenye karatasi nilirudi kwenye birika kubwa na ndoo, nachanganya maji ya moto na ya baridi, na watoto wamekua salama.

Kinachojilipa kiko jikoni

Sikiliza jambo ambalo wauza sola hawalitaji kwa sababu hawaliuzi. Nyumba zetu hazifilisiwi na taa. Taa ya LED ya wati 7 ikiwaka saa tano kila usiku, kwa mwezi mzima haifikishi uniti moja na robo. Pesa inatokea jikoni.

Na jiko la mlimani si jiko la pwani. Ukipanda kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Kila mita 300, kama digrii moja inapungua. Kwenye mita 1,500, huko Machame na Marangu ya juu, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Ndiyo maana maharage yaliyokuiva kwenu kwa saa mbili yatakuchosha huku. Na vyakula vya huku ndivyo hivyo hivyo vya kukaa motoni: makande, kiburu, nyama ya mtori. Kuni za bure nazo si kama zamani. Msitu wa mlima uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, mtu haendi tu na panga. Kuni unanunua, mkaa unanunua.

Kwa hiyo chombo cha kwanza ambacho ningekwambia uje nacho ni jiko la presha, lile la umeme. Watu wa TaTEDO, shirika letu la hapa Tanzania, wamelihubiri miaka mingi, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Lakini tuache mikakati, tufanye hesabu ya jikoni.

Sufuria ya maharage kwenye jiko la presha la umeme inatumia kama nusu uniti. Kwa bei ya kawaida ni shilingi 178. Tuseme mkaa wa sufuria hiyo hiyo mpaka iive ni shilingi 1,500. Weka bei ya mtaani kwako. Umeokoa kama 1,320. Ukipika vyakula vigumu mara tatu kwa wiki, ni karibu 4,000 kwa wiki. Jiko la shilingi 150,000 linakuwa limerudisha pesa yake kwa wiki 38, yaani miezi tisa. Kabla hujajifungua mtoto wa kwanza, In shaa Allah, limeshajilipa. Na uniti zinazoongezeka ni 6 au 7 kwa mwezi, hazikutoi kwenye zile 75 kama unajiangalia kwingine.

Pembeni yake weka mtungi wa gesi wa kilo 6 au 15, kwa chai ya haraka, chapati, samaki wa kukaanga, na kwa siku umeme usipokuwepo. Vitu hivi viwili pamoja vinakupa jiko lisilotegemea njia moja. Umeme ukikatika saa kumi alfajiri wakati wa daku, gesi ipo. Gesi ikiisha umeme upo.

Na kama umeolewa kwenye nyumba yenye ng'ombe wawili wa kufungiwa zizini, kama ilivyo kwa familia nyingi za mlimani, ulizia gesi ya samadi. Kituo cha CAMARTEC kule Arusha kilisimamia programu ya taifa ya mitambo hii tangu 2009, na mafundi waliopita huko wapo. Najua mabibi harusi wa pwani wanaguna: "Kinyesi jikoni?" Hata mimi niligunia. Lakini samadi inabaki imefungwa chini ya ardhi huko nje. Kinachofika kwenye jiko lako ni hewa inayowaka bluu bila moshi, na tope linalobaki linarudi kwenye migomba na kahawa. Mama mkwe wangu hajanunua mkaa tangu wachimbe. Ila ule mtambo ni shimo na saruji. Kumbuka neno hilo, nitalirudia.

Inveta hailipi deni, ni bima

Sasa tuje kwenye inveta ya dada yangu.

Piga hesabu ya mahitaji ya jioni bila umeme: taa tano, wati 35, televisheni, tuseme wati 50, intaneti na simu, wati 15. Jumla wati 100. Kwa saa nne ni uniti 0.4. Umeme huo ukiununua TANESCO ni shilingi 142.

Inveta inayochajiwa na umeme wa ukutani haikuokolei hata hizo 142. Umeme unaingia kwenye betri na kutoka, na njiani sehemu inapotea, kwa hiyo unalipa zaidi kidogo. Inayochajiwa na sola inaokoa. Tuseme umeitumia hivyo kila siku ya mwaka bila kukosa: shilingi 52,000. Mtambo wa shilingi 1,200,000 utarudisha pesa yake baada ya miaka 23. Betri ya kawaida ya maji au jeli haifiki nusu ya nusu ya miaka hiyo, na ukiikausha mpaka mwisho kila usiku itakufa mapema zaidi. Betri za lithiamu zinaishi sana kuliko hizo, ila na bei yake iko juu.

Hiyo miaka miwili ya muuzaji imetoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye hesabu ya mtu mwenye jenereta au mwenye biashara. Wewe huna jenereta, kwa hiyo hakuna petroli unayookoa.

Na kuna jambo la mlima wenyewe. Juni, Julai hadi Agosti, na wakati wa masika, mawingu yanakaa huku juu siku nzima. Kuna wiki hatuoni Kibo wala jua. Nyumba za mlimani ziko ndani ya kihamba, zimezungukwa na migomba na migrevea mirefu. Paneli iliyopimwa kwa jua la Jambiani haitatoa hivyo Machame. Ukishuka Moshi mjini, Himo au Kahe, jua ni zuri na hesabu inabadilika. Kwa hiyo fundi asiyepanda kuitazama paa yako na miti yake, akakupa bei kwa simu, muache. Na paneli huku iinamishwe kidogo kuelekea kaskazini, mvua iioshe vumbi, mbali na kivuli; kivuli cha jani moja la mgomba kinatosha kukuharibia mchana.

Nisieleweke vibaya. Sisemi usinunue taa ya dharura. Giza na mtoto mchanga ni mtihani, na kuna nyumba zenye mgonjwa anayetegemea mashine. Hao hawapigi hesabu ya faida, wananunua. Hata bima hatuikati ili tupate faida. Lakini bima inanunuliwa kwa kiasi cha hofu iliyopo. Taa mbili tatu za kuchaji, betri ya simu, na sola ndogo ya taa na chaji, vinatosha nyumba ya maharusi wawili. Kwa friji, usilifungue umeme ukikatika. Friza iliyojaa na kufungwa inakaa na baridi yake hadi siku mbili, iliyojaa nusu kama siku moja, kwa hiyo jaza nafasi tupu kwa chupa za maji. Kisha nunua stabilaiza ya friji, kwa sababu kinachoua mafriji mara nyingi ni ule umeme unaorudi kwa kishindo.

Inveta inakuwa biashara pale inapolinda biashara. Shoga yangu mmoja hapa Majengo anashona magauni ya harusi. Siku umeme ukilala, yeye anakosa kama shilingi 10,000. Zikiwa siku sita kwa mwezi ni 60,000, na mtambo ule ule wa 1,200,000 kwake unarudi kwa miezi 20. Sawa na dada anayeuza barafu na juisi, au anayeoka keki. Basi swali si "umeme unakatika mara ngapi?" Jiulize, "ukikatika, mimi napoteza shilingi ngapi?" Kama jibu ni tamthilia ya jioni, weka pesa yako.

Na hiyo pesa ni ya nani?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kabla ya kumjibu binti yetu.

Mahari ni yako. Si ya baba, si ya mama, si ya mume. Suratun Nisaa, aya ya 4, imeliweka wazi, na imeweka wazi pia kwamba ukimpa mumeo sehemu kwa ridhaa ya nafsi yako ni halali kwake. Ridhaa ya nafsi, siyo kusukumwa na mama kwa hofu, wala kuona haya mbele ya mawifi. Na nyumba, chakula, taa na kuni ni katika matunzo, na matunzo yako juu ya mume. Mke akisaidia anapata thawabu, lakini asisaidie huku akidhani ni wajibu wake.

Sasa, kihamba. Kwa mila za huku ardhi ya kihamba inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Wewe ni mke, unakaribishwa, unalima, unazaa, lakini ile ardhi ni ya ukoo. Kitu kinachofungwa juu ya bati la nyumba hiyo, au kuchimbwa chini yake, machoni pa watu kinakuwa cha nyumba. Yakitokea yaliyoandikwa, Allah atuepushe, talaka au kifo, utabeba sufuria yako na mtungi wako. Hutapanda juu ya bati mbele ya shemeji zako kufungua paneli. Nimewaona wanawake wawili walioacha kila kitu kwa kuona haya tu.

Sheria ya huku bara inakulinda kuliko watu wanavyojua. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mke au mume. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Lakini wengi hawajui mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu alilodai, kwa sababu mahakama iliona aliwahi kupewa fedha na mumewe na akazitapanya. Kanuni ilitufaa sisi tuliokuja nyuma. Sheria hii ni ya bara, si ya Zanzibar, kwa hiyo wewe unayetoka kisiwani kuja kuishi huku ni vizuri uijue kabla hujahitaji.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Pesa yako binafsi iende kwenye vitu vinavyohamishika: jiko la presha, mtungi, friji na stabilaiza yake, taa za kuchaji, cherehani na betri ya kuiendesha kama unashona. Risiti iandikwe jina lako na uiweke. Vitu vya kujengewa na kuchimbiwa, yaani paneli za paa, waya mpya na mtambo wa samadi, anunue mume au familia yake. Kama mna mapenzi na mnataka kuchangia, andikeni karatasi mbele ya mashahidi wawili: nani ametoa kiasi gani, na kitu ni cha nani. Kuandikiana si kutoaminiana. Deni tumeamrishwa kuliandika hata baina ya waaminifu, sembuse mali.

Na kama kuna wa kukopa, awe mwangalifu. Hizi sola za kulipa kidogo kidogo, bei yake ya mwisho huwa kubwa kuliko ya taslimu. Wanazuoni wengi wanaruhusu kuuziana kwa bei kubwa zaidi ya kulipa taratibu, mradi bei moja imekubaliwa mwanzoni na haiongezeki. Lakini kama mkataba una nyongeza ukichelewa, hapo ndipo riba inapoingia kwa mlango wa nyuma. Soma mkataba wote, mpelekee sheikh wako kabla hujatia saini. Mabenki ya Kiislamu nayo yapo nchini, Amana Bank tangu 2011, unaweza kuuliza huko. Nyumba mpya isianze na shaka juu ya bati.

Nilivyomjibu

Nilimpigia binti yetu nikamwambia: "Mwanangu, njoo na jiko la presha na mtungi wa kilo 15. Njoo na taa tatu za kuchaji kwa ajili ya roho ya mama yako. Mahari iliyobaki iweke mahali penye jina lako. Kaa mwaka mmoja kwenye hiyo nyumba, masika yote na Julai yote. Andika kila siku umeme unapokatika, saa ngapi na umepoteza nini. Ukimaliza mwaka, wewe na mumeo mkae na daftari hilo. Mkiona sola inafaa, anunue yeye, wewe umshauri ukubwa."

Akanyamaza kidogo. "Mama atakasirika."

"Atakasirika, na nitampigia mimi."

Nilimpigia. Dada yangu alikasirika kweli. Aliniambia nimesahau giza la 2010. Nikamwambia sijalisahau, ndiyo maana nataka mtoto awe na pesa mkononi na siyo juu ya paa la watu. Hatujamaliza mazungumzo, yeye bado anataka walau paneli moja. Lakini juzi ameniuliza bei ya majiko ya presha Moshi na kama yanafika lita sita, maana harusi zetu mnajua, wageni hawaishi.

Wewe bibi harusi unayesoma, tunakuombea ndoa yenye mapenzi na rehema. Chukua risiti, chukua kalamu, piga hesabu zako kabla hujapigiwa na muuzaji. Na daftari lile la mwaka mmoja lianze siku ya kwanza unapoingia nyumbani kwako.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.